Mnunuzi wa nje anauliza mafundi wangu wanaenda chooni saa ngapi. Nijibu vipi?

#1 MshonoWaNgamiani

Wakuu, habari za jioni. Nina kachumba ka ushonaji hapa Tanga mjini, Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara za namba (ipi, nitabaki nayo mwenyewe). Cherehani tano, ovaloku moja, mafundi watano, mimi mkataji, na binti wa miaka 16 anayejifunza. Tunashona mashati ya kitenge, madira, mikoba. Sare za shule za Januari ndizo zinazolipa pango.

Mwezi uliopita alipita mama mmoja wa Kijerumani, ana duka dogo kwao, alikuwa matembezini Pangani. Akayapenda mashati. Anataka 200, mikono mifupi, saizi nne, kwa sh 18,000 moja, na atalipa siku 60 baada ya mzigo kumfikia. Nilimpigia mama yangu simu hata kabla ya mume wangu.

Juzi katuma fomu, kurasa 11. Mafundi wanalipwa kwa saa au kwa pisi? Wana mkataba? Kuna mtoto anayefanya kazi? Milango ya kutokea mingapi? Kitambaa kimetoka wapi na rangi yake ina nini ndani? Mabaki yanakwenda wapi? Choo kiko umbali gani, na fundi anaruhusiwa kwenda muda wowote? Mwisho kabisa: ambatanisha cheti.

Mimi vyeti vyangu ni leseni ya biashara na cha VETA, basi. Fomu nilianza kuisoma nikicheka. Nilipofika swali la mlango nikaacha kucheka.

Naomba wenye uzoefu. Wale wa "mabeberu hawatutakii mema" subirini kwanza, nitawaita.

#2 Kibaraza

Nimekaa pale na kahawa yangu chungu na kashata. Ngoja waje.

#3 MchwaMweusi

Dada, usijitie presha. Jaza "ndiyo" kila mahali panapotakiwa ndiyo na "hapana" panapotakiwa hapana. Choo mita tano, milango miwili, mtoto hakuna. Tuma. Nani atapanda ndege kuja kuhesabu milango Ngamiani? Ukishona vizuri hataulizia tena hiyo fomu. Wote wanafanya hivyo.

#4 MkataKatani

Mchwa, wote wanafanya hivyo, ni kweli, na ndiyo shida yenyewe. Septemba 2012, Karachi, Pakistani, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kiliungua, wakafa watu zaidi ya 250. Madirisha yalikuwa na nondo, milango imefungwa. Na kiwanda hicho wiki chache tu nyuma kilikuwa kimepewa cheti cha SA8000, kile kinachohusu haki na usalama wa wafanyakazi. Cheti kilikuwepo, kimejazwa "ndiyo" zote.

Mshono, sitaki kukutisha, ila nijibu hapa hapa bila fomu: mlango wako ukoje?

#5 MshonoWaNgamiani

Mkuu umenigusa pabaya. Chumba kina mlango mmoja wa mbele, una geti la nondo. Mwaka jana tuliibiwa cherehani mchana kweupe, kwa hiyo nikienda Mgandini kununua uzi huwa nafunga geti kwa nje na kufuli, mafundi wakiwa ndani. Funguo naondoka nayo. Nyuma kuna dirisha, nalo lina nondo.

Tunapiga pasi ya umeme humo, na umeme ukikatika tunawasha ya mkaa. Vitambaa viko kila mahali.

Sikuwahi kuliwaza hilo mpaka nilipoliandika.

#6 MkataKatani

Basi fomu weka pembeni. Kesho asubuhi funguo ya pili ining'inie ndani ya geti, mahali ambapo mkono wa aliye nje haufiki. Mwizi hataiona na fundi ataiona. Kisha mwite fundi wa kuchomelea, ile nondo ya dirisha la nyuma aiwekee bawaba ifunguke kwa ndani. Ndoo ya mchanga karibu na meza ya pasi. Hayo yote hayafiki bei ya kitenge cha mashati 20, na ungetakiwa uyafanye hata kama huyo Mjerumani asingezaliwa.

#7 HesabuKali

Habari dada. Mimi nilikuwa mhasibu kwenye kiwanda kimoja cha nguo, sasa niko na shughuli zangu. Hebu tuongelee hela, maana fomu zote hizi mwisho wake ni hela. Unawalipaje?

#8 MshonoWaNgamiani

Kwa pisi. Shati sh 2,000. Aliyetulia anatoa manne kwa siku, kwa hiyo 8,000. Siku 26 ni 208,000.

Na kabla hujanihukumu: wenyewe ndio wanaotaka pisi. Mama mmoja kati yao, mkongwe kuliko wote, nilimwambia nimpe mshahara wa mwezi akakataa. Ana wajukuu, anataka kuingia saa tatu, saa nane yuko kwake anapika. Kwa pisi hamwombi mtu ruhusa.

#9 HesabuKali

Sikuhukumu. Pisi haina ubaya. Ubaya uko kwenye namna ya kuipata ile 2,000. Naomba uniambie ukweli: uliipataje?

#10 MshonoWaNgamiani

Niliikuta. Jirani analipa 2,000.

#11 HesabuKali

Ndivyo ilivyo kote, na jirani naye aliikuta kwa jirani. Sasa fanya hivi. Chukua simu, washa saa, pima dakika za shati moja toka linapofika kwa fundi likiwa limekatwa mpaka kifungo cha mwisho. Pima mafundi wote watano, usipime yule hodari peke yake. Halafu jiulize: fundi wa Tanga mwenye watoto wawili, siku ya kawaida ya saa nane aondoke na shilingi ngapi ndiyo asiwe anakopa kwa muuza genge? Nipe namba mbili hizo.

#12 Kibaraza

Kahawa ya pili. Uzi umeanza kukolea.

#13 MshonoWaNgamiani

Nimepima siku mbili. Mkongwe dakika 95, mgeni 130. Wastani kama 110. Nilikuwa nadhani saa moja na nusu! Kumbe vifungo vinakula muda.

Hela ya siku: tumekaa kikao chenyewe, tumebishana mpaka chai imepoa, tukatua kwenye 12,000.

#14 HesabuKali

Saa nane ni dakika 480. Elfu kumi na mbili gawa kwa 480, unapata sh 25. Hiyo ndiyo bei ya dakika moja ndani ya chumba chako. Shati la dakika 110 ni sh 2,750. Dira la dakika 60 ni 1,500. Mkoba wenye zipu na bitana wa dakika 150 ni 3,750. Bei zote zinatoka kwenye sh 25 moja, wala jirani humuulizi tena. Na mkongwe wako akiingia saa tatu na kutoka saa nane, ni juu yake, dakika zake zina thamani ile ile.

Ila usije ukadhani kulipa kwa pisi kunakutoa nje ya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Za ziada ni mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28, ya uzazi siku 84. Na mfanyakazi apewe masharti yake kwa maandishi: karatasi moja, ya Kiswahili, mmesaini wote wawili. Kima cha chini kinapangwa kwa sekta na hubadilishwa, kwa hiyo chukua amri ya sasa ofisi ya kazi, ulinganishe na mwezi wa fundi wako wa polepole kabisa.

Sasa gharama ya shati. Kitambaa?

#15 MshonoWaNgamiani

Yadi mbili, 10,000. Uzi, vifungo na gundi ya kola 900. Pango, Luku, mifuko ya kufungia, kama 1,300.

#16 HesabuKali

Ongeza 2,750. Jumla 14,950. Kwenye 18,000 unabaki na 3,050. Humo utoe nauli ya mzigo mpaka Dar, makato ya benki, mashati yatakayoharibika, na mkataji. Mkataji ni nani?

#17 MshonoWaNgamiani

Mimi.

#18 HesabuKali

Na hujajilipa. Fomu ya kurasa 11 inauliza kila fundi isipokuwa wewe.

#19 ShangaziRaskazone

Asanteni sana kwa mlipofika, maana nilikuwa nangojea hapa. Mwanangu Mshono, mimi nimepeleka vikapu na nguo nje miaka mingi. Nimejaza fomu za kila rangi. Nikuambie lisilosemwa: kitambaa cha mashati 200 ni milioni mbili, ushonaji 550,000, vyote unatoa wewe leo. Mzigo ukae njiani, ufike, ndipo zianze kuhesabiwa siku 60. Kwa hiyo ni wewe mwenye kachumba Ngamiani unayemkopesha mwenye duka Ujerumani, tena bila riba. Na hela hiyo utaitoa wapi? Kikoba. Ikichelewa, wa kwanza kukosa ni mafundi. Halafu fomu yake inauliza je, mafundi wanalipwa kwa wakati?

Mnunuzi anayeleta maswali ya haki naye aulizwe ya kwake. Mwandikie kwa adabu: kianzio asilimia 50 kabla sijagusa mkasi. Muda wa kushona tuupange pamoja, asije akabadilisha kola wiki ya mwisho halafu mkeshe. Mashati yakikataliwa, yakataliwe kwa sababu iliyoandikwa toka mwanzo. Mimi niliwahi kurudishiwa mzigo kwa sababu kijani "imekuwa kijani mno". Wallahi nilikaa na vile vikapu miaka mitatu. Mpaka kuku walitagia.

#20 MchwaMweusi

Atakimbia huyo. Shangazi unamfukuzia dada mteja.

#21 ShangaziRaskazone

Akikimbia kwa kuombwa kishika uchumba, harusi angetuachia aibu.

#22 MjubaWaMji

Mnapoteza muda. Kama ni mazingira, nguo bora kwa mazingira ni mtumba. Imeshashonwa, imeshavaliwa, haitumii pamba mpya wala maji. Huyo Mjerumani angevaa za babu yake.

#23 MkataKatani

Mjuba, hilo lina uzi wake na ni mrefu kuliko huu. Wakuu wa Afrika Mashariki mwaka 2016 walitaka mitumba iishe ifikapo 2019, Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya AGOA, ule mpango wa kupeleka bidhaa za Afrika kwao bila ushuru, nchi nyingine zikalegeza, Rwanda ikashikilia na mwaka 2018 nafuu yake ya nguo ikasimamishwa. Njoo nalo siku nyingine. Hapa kuna mtu ana oda mkononi.

#24 BibiBatiki

Hodi humu. Mie ni wa Makorora, tuna kikundi cha kina mama, batiki. Mnaongelea hela vizuri ila swali la kitambaa na rangi mmeliruka, nalo ndilo litakalomtoa jasho.

Mwanangu, hicho kitenge ni pamba? Usinijibu kwamba imeandikwa pembeni. Pembeni wanaandika watakavyo. Chomoa nyuzi mbili tatu, moja ya urefu na moja ya mapana, zichome kwa kibiriti. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi, majivu yake laini unayasaga kwa vidole. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge cheusi kigumu, harufu ya plastiki. Ukiona inawaka kidogo na kidonge kidogo, ni mchanganyiko. Chomea nje, si karibu na vitambaa vyako na hilo geti lako.

Rangi: huko Ulaya wana kikomo kwa rangi za azo zinazoachia vile vitu vya saratani, visizidi miligramu 30 kwa kilo moja ya kitambaa. Hilo wewe huwezi kulipima kwa macho, na muuza kitenge hawezi kukujibu. Usimwandikie mnunuzi "rangi salama". Mwandikie: nimenunua jumla, duka hili, nembo ya pembeni hii hapa picha, vipimo sijafanya. Akitaka vipimo, agharamie yeye, kipande akichukue kabla ya kukata.

Na ukija kuchukua batiki kwetu nitakuambia ukweli wetu pia. Sisi tunatumia kostiki na haidro, dawa za kuyeyushia rangi. Kostiki inachoma ngozi mpaka mfupa. Unaitia kwenye maji taratibu, kamwe usimwagie maji juu yake, itakurukia usoni. Haidro ikiingia unyevu kwenye kopo inapata moto yenyewe na moshi wake unakaba kifua. Zamani tulikuwa tunachovya kwa mikono mitupu, tunamwaga mtaroni, na mtaro wa mji huu unajua unakoishia. Sasa glovu ndefu, barakoa, upepo mgongoni. Maji ya rangi tunayatumia tena kwa rangi nyeusi zaidi, njano inaishia kuwa kahawia, na yanayobaki yanaingia shimo lenye kokoto badala ya mtaro. Shimo si jawabu kamili, najua. Kisima cha jirani kiko mbali, hiyo tu ndiyo amani yetu.

#25 Kibaraza

Bibi shikamoo. Silikanti wa Tanga wanakushukuru.

#26 BibiBatiki

Marahaba baba. Samaki yule ana hifadhi yake tangu 2009, sisi wa mtaroni ndio hatuna.

#27 MshonoWaNgamiani

Bibi shikamoo. Nimechoma nyuzi za vitenge vyote vya stoo. Vitatu nilivyokuwa nauza kama pamba tupu, kimoja kimetoa kidonge. Nimewauzia watu mwaka mzima.

Swali lingine: je, nikitafuta pamba ya kilimo hai? Nasikia Meatu wanalima.

#28 MkataKatani

Meatu, Simiyu, wanalima kweli tangu miaka ya 1990, chini ya bioRe, mradi wa pamba ya kilimo hai. Ila sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii inaondoka ikiwa marobota, kitambaa chake hukikuti Mgandini. Na hata ukikipata, GOTS, wenye cheti cha dunia cha nguo za kilimo hai, wana masharti: nyuzi za kilimo hai zisipungue asilimia 70, na 95 ndiyo iruhusiwe kuitwa ya kilimo hai kabisa, na kila hatua iwe na cheti, mpaka chumba kinachoshona. Kitambaa chenye cheti kikishonwa kwenye chumba kisicho na cheti, nembo imekufa mlangoni. Kwa mashati 200 ada za ukaguzi zitakumaliza. WFTO, shirika la dunia la biashara ya haki, wao wana kanuni 10 na wanaangalia biashara nzima badala ya kitambaa, hao wafikirie ukikua, tena kwa kikundi.

Na jihadhari na lebo. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria 2024, inaanza kutumika 27 Septemba 2026: marufuku maneno ya jumla kama "rafiki wa mazingira" bila ushahidi, na marufuku nembo ya kujitungia. Andika unachokijua tu: limeshonwa Tanga, na nani, kwa kitambaa gani.

#29 HesabuKali

Bado binti wa miaka 16.

#30 MshonoWaNgamiani

Anajifunza jamani. Mama yake alimleta mwenyewe. Mimi nilijifunza miaka miwili nikifagia na kulipa ada juu.

#31 HesabuKali

Kisheria 16 si tatizo, mradi kazi isiwe ya hatari. Marufuku ni chini ya miaka 14, na mwenye 14 ni kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumtoa shule. Swali langu ni jingine: vifungo vya mashati 200 atapiga nani?

#32 MshonoWaNgamiani

Yeye.

#33 HesabuKali

Ukimfundisha kwenye kitambaa cha chenga, ni mwanafunzi. Akipiga kifungo kwenye shati linalouzwa, zile dakika ni sh 25 kama za wengine.

#34 MchwaMweusi

Hapa mmezidi sasa. Kila mtu alianza kwa kufagia. Mkimlipa mwanafunzi, mwakani hakuna fundi atakayekubali kufundisha mtoto wa mtu.

#35 ShangaziRaskazone

Mchwa hapo una hoja, sitaki kuizima. Kufundisha ni kazi, nayo ina dakika zake, na nani anamlipa Mshono kwa hizo? Mimi naona wagawane: nusu ya dakika za vifungo kwa binti, na ada ya mama yake isitishwe. Msikubaliane nami, sawa.

#36 MshonoWaNgamiani

MREJESHO.

Wakuu, nilipotea wiki tatu, samahanini. Geti lina funguo ya ndani, nondo ya nyuma inafunguka. Karatasi za makubaliano tumesaini. Mkongwe alidai isomwe kwa sauti mara mbili ndipo akaweka sahihi.

Nilimwandikia mnunuzi kila kitu kama kilivyo, pamoja na kile kitenge cha poliesta na kwamba cheti sina. Nikamwekea hesabu ya dakika, bei mpya na masharti ya Shangazi. Alikaa kimya siku tisa, nikamlaani Shangazi kimoyomoyo. Kisha akajibu: hawezi 200 kwa bei mpya, ila 150 kwa sh 20,000. Kianzio nusu, yaani milioni moja na nusu, kitambaa chote kimetoka kwenye hela yake. Iliyobaki siku 30 badala ya 60. Cheti hakukitaja tena.

Ukataji: nikilaza saizi ndogo na kubwa pamoja, kola na mifuko katikati ya mikono, yadi 12 zinatoa mashati saba badala ya sita. Vichenga vinavyobaki binti anatengenezea vibanio vya nywele, hela yake, tumemaliza ugomvi hivyo kwa sasa. Ya vifungo tunaendelea kubishana.

Jambo moja nimeliacha mwisho. Swali la choo. Nilikuwa nimejaza "mita kumi, muda wowote". Nikasema hebu niwaulize wenyewe kabla sijatuma. Choo ni cha nyumba nzima, ufunguo anao mwenye nyumba, na mzee huyo mchana analala. Mafundi wangu wanaona haya kumgongea. Mkongwe akaniambia, bila hasira, anakunja kola yake: "Ndiyo maana mimi mchana sinywi maji, mwanangu." Miaka minne yuko kwangu.

#37 Kibaraza

Kahawa imenikwama.

#38 BibiBatiki

Na joto hili la Tanga.

#39 HesabuKali

Ufunguo wa pili umechongesha?

#40 MshonoWaNgamiani

Siku ile ile. Sh 3,000. Unaning'inia kwenye msumari karibu na ovaloku, na nimenunua dumu la maji.